Niliweka oili ya Fuso kwenye IST: nilichokisoma mgongoni mwa ndoo

Julai ya mwaka juzi, alfajiri pale Uyole, Mbeya, niliwasha IST yangu nikasikia mlio nisioujua. Kacha-kacha-kacha, kama mtu anatikisa kopo la misumari, sekunde tatu nne hivi, kisha kimya. Taa nyekundu ya oili nayo ilichelewa kuzima. Wa huku mnaijua baridi ya Julai: kioo cha mbele kimejaa ukungu, mikono haitoki mfukoni, na gari linaamka limenuna. Lakini hii ilikuwa zaidi ya kununa. Siku mbili nyuma nilikuwa nimemwaga oili, na niliyoweka ilitoka kwenye ndoo ya Fuso ya kaka yangu.

Kaka anapeleka viazi Dar. Oili hununua kwa ndoo ya lita 20, ikibaki inakaa stoo. Mimi nilihitaji lita 3.7 tu, ndizo injini ya IST yangu, ile ya 1NZ, inazomeza ukibadilisha na filta. Galoni ya lita nne dukani unailipia, ya ndoo ilikuwa ya bure. Fundi akachungulia ndani, akachovya kidole, akasema, "Kaka, oili ni oili. Tena hii ya dizeli ndiyo yenyewe, inasafisha injini." Nikaamini, maana bure inashawishi.

Jioni ya siku ile ya mlio nikaenda stoo na tochi ya simu, nikaigeuza ndoo. Mbele kulikuwa na picha ya lori na maneno makubwa ya kujisifu. Nyuma, chini kabisa, kwa herufi ndogo za kukodolea macho: 15W-40, na pembeni yake API CI-4/SL. Hapo ndipo palipokuwa na habari yote niliyotakiwa kujua kabla sijafungua mfuniko.

API ni Taasisi ya Petroli ya Marekani, nao ndio walioweka hizi herufi. Herufi ikianza na S, oili imepimwa kwa injini za petroli. Ikianza na C, imepimwa kwa injini za dizeli. Herufi inayofuata inaonyesha kizazi, na kadiri inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo oili inavyokuwa mpya zaidi. Kwa petroli, SL ilitoka 2001, SN 2010, SP 2020. Kwa dizeli, CI-4 ni ya 2002, CJ-4 ya 2006, CK-4 ya mwishoni mwa 2016. Na mkwaju ule wa katikati una maana yake: kinachotangulia ndiyo kazi iliyokusudiwa hasa. CI-4/SL ni oili ya dizeli iliyofaulu pia mtihani wa petroli wa SL. SL/CF ni kinyume chake.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama oili ya dizeli inaruhusiwa kwenye gari la petroli, mwambie akatafute S. Kama ndoo ina C peke yake, mathalani CF-4 tu bila S yoyote, hakuna aliyethibitisha kwamba inafaa injini yako. Kama S ipo, linganisha na kitabu cha gari. Changu kimeandikwa Kijapani, sijui hata herufi moja, lakini katikati ya ile michoro ya kwao nilikuta "SL" na "5W-30" zimekaa wazi kabisa. Kitabu kilikuwa kwenye droo ya dashibodi miaka yote, chini ya risiti za maegesho.

Kwa herufi, basi, sikukosea. Nilikosea namba.

Watu wengi wa gereji husema oili nzito na oili nyepesi, na hawakosei. Namba ya kabla ya W inahusu oili ikiwa baridi, namba ya mwisho inahusu injini ikishachemka. Ya 30, kwenye nyuzijoto 100, hupimwa kati ya sentistoki (kipimo cha uzito wa kutiririka) 9.3 na 12.5. Ya 40 ni kati ya 12.5 na 16.3. Maana yake gari langu lililotengenezewa njia nyembamba za oili, pamoja na ule mfumo wa VVT-i wa kupanga muda wa vali kufunguka, unaosukumwa na presha ya oili hiyohiyo, nililinywesha uji badala ya chai. Na alfajiri ya baridi 15W inatembea polepole kuliko 5W. Siyo kwamba injini ingekufa. Mtihani wa baridi wa 15W hufanyika kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na Mbeya hatujafika huko, hata Kitulo kukiwa na sakitu. Gari liliwaka kila siku. Ila zile sekunde chache ambazo oili haijafika juu kwenye vali, chuma kinasuguana na chuma, na mimi nawasha gari mara nne kwa siku.

Tena nisiisingizie ndoo peke yake. Filta niliyowekewa ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani, na zile mara nyingi kile kipande cha mpira kinachozuia oili isirudi chini usiku hakishiki sawasawa. Nilipoweka 5W-30 pamoja na filta nzuri, mlio uliisha. Ipi kati ya hizo mbili ilifanya kazi kubwa zaidi, mafundi wabishane.

Sasa hilo la "inasafisha injini". Oili ya dizeli ina dawa nyingi zaidi ya kuosha na kushika masizi yaelee, yasigande, ndiyo maana kwenye Fuso inageuka nyeusi tii baada ya safari moja tu na bado iko kazini. Lakini utope wa miaka kumi ndani ya injini iliyotelekezwa hauondoki kwa kumwaga oili mara moja. Ina pia zinki na fosforasi nyingi, na hapo wenye magari ya zamani, yale ambayo kemu, ile shafti inayofungua vali, inasugua tapeti moja kwa moja, wananufaika kweli. Mwenye gari jipya zaidi aangalie masega, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Injini ikianza kula oili, fosforasi inaungua na kwenda kuyapaka masega yasifanye kazi. Ndiyo sababu oili za petroli za SN na SP, zile za 30 kushuka chini, zimewekewa kikomo cha asilimia 0.08 ya fosforasi, wakati CJ-4 inaruhusiwa mpaka 0.12. Najua wengine masega yenu yalishauzwa siku nyingi na ekzosi inanguruma kama trekta. Hamna cha kupoteza, lakini majirani wanawasikia.

Wa kuogopa zaidi ni wenye injini za petroli zenye tabo na zinazopiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kama Volkswagen za TSI. Ukipanda Kitonga kwa gia kubwa huku mzunguko wa injini uko chini na mguu umekandamiza, mchanganyiko unaweza kulipuka kabla ya plagi kuwasha, na pistoni ikapasuka. Dawa ya kalsiamu, ambayo oili za dizeli nyingi zimejaa, huchochea jambo hilo. SP imepimwa dhidi yake. Kwenye gari la namna hiyo, ndoo ya lori usiisogelee hata kwa msaada wa njiani, labda taa ya oili imewaka na uko porini.

Kwa IST, Corolla za zamani, Mark II? Ukipungukiwa ukiwa Makambako na dukani ipo CI-4/SL tu, ongeza nusu lita uende zako. Kijiti cha kupimia oili kikiwa kikavu ni hatari kuliko 15W-40. Bodaboda wao watafute JASO MA, alama ya Kijapani ya oili za pikipiki, kwa sababu klachi yao inaogelea kwenye oili hiyohiyo.

Mwezi uliopita kaka alinipigia simu. Fuso imepungukiwa, ameona nusu galoni yangu ya SN stoo, anaweza kuongezea? Nikamwambia aache, haina C hata moja, masizi ya injini ile yataishinda. Akacheka: "Yaani yangu uliitumia, yako nanyimwa?" Akaenda kununua yake. Nusu galoni bado ipo pale, nyuma ya magunia ya mbegu, na nimeiandikia kwa maka peni: GARI DOGO.