Ushahidi kukubaliana na hoja si sawa na kuiimarisha

Ndugu uliyeuliza, kosa lako nalifahamu vizuri, kwa sababu nililirudia kwa miezi kadhaa nilipokuwa nikijiandaa kwa mtihani wa GMAT, ule wa kuomba nafasi katika shahada za uzamili za biashara, hapa Moshi, jioni baada ya kazi. Kwa faida ya wasomaji wengine, swali lenyewe ni hili: wakulima wa kijiji kimoja wenye mibuni ya aina mpya walivuna kahawa nyingi kuliko majirani waliobaki na mibuni ya zamani, katika msimu ambao ugonjwa wa chulebuni haukuonekana kabisa kijijini. Mtafiti akahitimisha kwamba mavuno hayo yametokana na aina ya mibuni. Unatakiwa kuchagua kauli ambayo, ikiwa ni kweli, inaimarisha zaidi hitimisho hilo. Ulichagua ile isemayo kwamba aina mpya inastahimili chulebuni, kumbe jibu sahihi lilikuwa kwamba wenye mibuni mipya hawakutumia samadi wala maji ya mfereji zaidi ya majirani zao.

Chaguo lako linavutia kwa kuwa ni jambo la kweli. Aina mpya zilizotoka katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu zilizalishwa makusudi ili zistahimili chulebuni na kutu ya majani, na mtu wa huku hahitaji kusomea ili alijue hilo. Hata hivyo, swali limekwisha kueleza kwamba ugonjwa haukuwapo, na kinga dhidi ya ugonjwa ambao haukuja haiwezi kueleza tofauti ya mavuno ya msimu ule. Ujuzi wa nyumbani ndio uliokuponza. Mimi niliyekulia kihambani uliniponza mara nyingi kuliko wenzangu wa mjini.

Kilichonisaidia ni kubadili swali ninalojiuliza. Zamani niliuliza kama kauli inakubaliana na hitimisho. Siku hizi nauliza kama kauli hiyo ingetarajiwa vilevile hata kama hitimisho lingekuwa si kweli na sababu ni nyingine kabisa. Kama ingetarajiwa vilevile, haina uzito, hata iwe nzuri namna gani masikioni. Katika swali lako, maelezo shindani yanaonekana mara moja: huenda waliokimbilia miche mipya ndio wenye ng'ombe wengi, na kwa hiyo wenye samadi nyingi. Jibu sahihi linaifunga njia hiyo. Halithibitishi hitimisho, maana udongo unaweza kutofautiana, lakini hukuombwa uthibitisho. Uliombwa kauli inayolisogeza hitimisho karibu zaidi na ukweli, na wengi hulikataa jibu sahihi kwa kulidai zaidi ya hapo.

Mfano ulionifungua macho ni huu tunaouona kila asubuhi mawingu yakipisha. Barafu ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya mwaka 1912 na 2011. Wapo wanasayansi, akiwamo Georg Kaser, walioweka uzito kwenye ukavu wa hewa na uhaba wa theluji mpya, na wapo wengine, akiwamo Lonnie Thompson, waliosisitiza ongezeko la joto. Sasa mtu akikuletea picha ya zamani na ya leo kuonyesha barafu ilivyopungua, ameimarisha upande upi? Hakuna, kwa sababu pande zote mbili zinatarajia picha hizo hizo. Lakini ukielezwa kwamba hewa ya kileleni hubaki chini ya nyuzi sifuri, na kwamba barafu nyingi hugeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza, hoja ya ukavu inapata nguvu. Vivyo hivyo, Thompson alipoonyesha kwamba tabaka la juu la barafu iliyochimbwa mwaka 2000 lina dalili za kuyeyuka na kuganda tena ambazo hazikuonekana katika matabaka ya chini, ya kale zaidi, hoja ya joto ilipata nguvu yake. Ushahidi wa namna hiyo unachagua upande, na ndio unaotafutwa katika mtihani.

Kuhusu muda, sehemu ya lugha ina maswali 23 kwa dakika 45, yaani chini ya dakika mbili kwa kila swali, na ndani yake kuna vifungu virefu vya ufahamu. Hata hivyo, usiyaguse machaguo kabla ya kutaja kichwani angalau sababu moja nyingine inayoweza kuleta matokeo yaleyale. Zisome pia kwa makini kauli za kukanusha, kama hiyo ya "hawakutumia", ambazo macho huziruka kwa kudhani haziongezi kitu.

Kisha rudia swali lako, lakini badala ya kusema chulebuni haikuonekana, weka kwamba iliyashambulia mashamba ya kijiji kizima. Hapo kauli uliyoichagua, bila kubadilishwa hata neno moja, ingekuwa na uzito mkubwa.