Miaka inakimbia, nifanyeje?

Mdogo wangu, unasema umetimiza miaka 48, kila ukigeuka ni Desemba tena na huoni ulichofanya. Mimi nina 63, nakuelewa sana.

Kwa mtoto wa miaka 5, mwaka mmoja ni sehemu ya tano ya maisha yake yote. Kwako wewe ni sehemu moja kati ya 48. Tena siku zinazofanana (daladala, kazini, taarifa ya habari, kitandani) akili huzikunja pamoja kama kanga kabatini. Ndiyo maana safari ya siku tatu ugenini unaikumbuka kuliko miezi mitatu ya ofisini.

Usianze na malengo makubwa ya kubandika ukutani. Mimi niliyabandika, yakaliwa na mende. Chagua kitu kimoja tu kigeni kwako. Nilipostaafu nilianza kumrekodi mama kwenye simu kila Jumapili, anachambua mchicha huku akinitajia mipaka ya shamba la babu na nani alimtorosha nani. Mwaka ule haukukimbia. Ninazo Jumapili 41.

Wazazi wako wapo? Basi Jumapili hii nenda, na simu uichaji kabisa.