Swali la Lugha: "Cha kutumaini sina" ina kosa gani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kwaya. Tunachapa upya kijitabu cha nyimbo cha usharika wetu, na mzee mmoja wa kanisa ameshauri tuusahihishe wimbo wa "Cha kutumaini sina" uliomo katika Tenzi za Rohoni. Anasema Kiswahili fasaha ni "Sina cha kutumaini", na kwamba mwamba ni "ndio", si "ndiye". Je, tusahihishe? Na mtunzi tumwandike nani, Edward Mote au William Bradbury?

JIBU: Mwalimu, nakuomba msiguse hata neno moja. Mzee wako anaipenda lugha, na kwa hilo namheshimu, ila hapa hakuna kosa la kuondoa.

Tuanze na "cha". Hiyo ni -a unganifu (ile ya "cha", "la", "wa") ya ngeli ya KI-VI, na jina lililoachwa ni "kitu": kitu cha kutumaini. Tunasema hivyo kila siku. Anayekosa neno husema "sina la kusema", aliyefukuzwa na mwenye nyumba "hana pa kulala", na mama aliyebaki peke yake nyumbani "hana wa kumtuma". Kutanguliza kinachokosekana nako ni kawaida yetu. Mtu akikuomba mkopo humjibu "pesa sina"; mtoto akilalamika njaa huambiwa "cha kula hakuna". Unalitaja jambo kwanza, likasimama mbele ya msikilizaji, kisha unalikana.

Wapo wanaodhani maneno yaligeuzwa ili mizani, yaani idadi ya silabi, itimie. Hesabu mwenyewe: cha-ku-tu-ma-i-ni-si-na, mizani nane. Si-na-cha-ku-tu-ma-i-ni, nane vilevile. Kilichodai mpangilio huu ni kina, yaani mlio unaofanana mwishoni mwa mistari. Mstari wa pili unaishia "ila damu yake Bwana", kwa hiyo "sina" na "Bwana" vinashikana kwa -na. Inafuata "kutosha" na "kuziosha", halafu "nasimama" na "salama". Ukiandika "Sina cha kutumaini" unaivunja jozi ya kwanza, na kwa maoni yangu unapoteza kitu kikubwa zaidi. Mwimbaji anafungua kinywa akilitaja tumaini, na neno la mwisho la mstari linamnyang'anya. Hapo ndipo "ila damu" inapopata uzito wake.

Sasa "ndiye mwamba ni salama". Kweli mwamba uko ngeli ya U-I, na mlimani ungesema "huu ndio mwamba". Lakini hapa anayetambulishwa ni Yesu, aliyekwisha kutajwa katika "kwake Yesu nasimama", na "ndi-" inamfuata yeye. Fungua Yohana 14:6 katika Biblia ya Union: "Mimi ndimi njia, na kweli, na uzima." Njia ni ya ngeli ya I-ZI, ila mfasiri hakuandika "ndiyo njia", kwa kuwa anayejitambulisha ni "Mimi". "Ni salama" ingekuwa "ulio salama" katika nathari, yaani lugha isiyo ya shairi, na mstari ungefika mizani kumi. Mimi huisoma kama kauli mbili: ndiye mwamba, ni salama.

Kama unatafuta mahali ambapo Kiswahili kimepindishwa kweli, usitazame sarufi, sikiliza mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho: SIna, MWAmba, saLAma. Tuni ya Bradbury inaanza na noti nyepesi, na uzito unaangukia silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Kwa hiyo tunaimba siNA, mwaMBA, na neno salama tunalivutia mwishoni.

Kuhusu mtunzi, neno lenyewe linatoka kwenye kutunga, kama mjenzi kwenye kujenga, na mtu anaweza kutunga maneno au kutunga sauti. Mote alikuwa fundi wa samani London. Kwa maelezo yake mwenyewe, kiitikio kilimjia mwaka 1834 akipanda kilima cha Holborn kwenda kazini. Baadaye akawa mchungaji wa Wabaptisti huko Horsham. Bradbury, Mmarekani, aliyapa maneno hayo tuni mwaka 1863. Hivyo andikeni "Maneno: Edward Mote. Tuni: William B. Bradbury", kila mmoja na kazi yake. Kuandika "Mtunzi: Bradbury" pekee kunamnyima Mote haki yake.

Ongezeni pia kwamba haya ni maneno ya tafsiri kutoka Kiingereza, kwa sababu mfasiri hakunakili tu. Kiitikio cha Mote kinaendelea kusema ardhi nyingine yote ni mchanga unaodidimia, picha inayokumbusha nyumba mbili za Mathayo 7, moja juu ya mwamba, nyingine juu ya mchanga. Katika Kiswahili mchanga haupo. Tunarudia mwamba tu, mara tatu. Nausikitikia mchanga ule, maana watoto wetu wangeuelewa upesi. Lakini usharika mzima ukifika kwenye marudio ya tatu, hata asiyejua kusoma huwa ameshika maneno na anaimba.

Kwa kwaya yako, basi, acheni maneno yalivyo, na wafundishe waimbaji kuilegeza sauti kwenye "na" ya "sina". Wakiipigia kelele, neno linapotea masikioni mwa wanaosikiliza.