Umoja wa wanaume kuja kijijini Dodoma kwa wiki moja ya huduma: ulizieni maji kwanza

Bwana Yesu asifiwe, ndugu. Umeuliza kama umoja wa wanaume wa kanisa lenu la Dar es Salaam, wanaokusudia kuja wilaya ya Chamwino mwezi Septemba kuhubiri na kumalizia jengo la kanisa la kijiji, wamejipanga vya kutosha. Mimi ni mwenyeji wa huku na nimekuwa katika kamati za kupokea vikundi kama chenu, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa wanaopokea. Jambo ambalo sikuliona katika mpango wenu, nalo kwangu ni kubwa kuliko yote, ni maji.

Ugogo, yaani nchi hii ya Wagogo hapa Dodoma, una msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Ifikapo Septemba malambo mengi yamekauka, na katika vijiji visivyo na kisima cha pampu akina mama hufukua mchanga wa korongo, husubiri maji yajikusanye, huyachota kidogo kidogo hadi ndoo ya lita 20 ijae, kisha huweka tawi la majani juu yake ili yasimwagike njiani. Katika mwezi huo ninyi mnataka kumwaga zege na kupiga lipu. Maji ya kuchanganyia saruji, ya kupikia na ya kuoga yatatoka vichwani mwa mama hao hao, ambao ndio pia watakaowapikia. Tena sakafu haimaliziki siku mnayoisawazisha: inapaswa kumwagiliwa kwa muda wa siku saba hivi ili ikomae, na wakati huo ninyi mtakuwa mmekwisha kuondoka. Nimeiona sakafu ya kikundi kimoja ikiwa na nyufa na kutimka vumbi kabla ya Krismasi, wala hakuna aliyekuwa mvivu pale, maji hayakuwapo.

Kama tarehe zinaweza kusogezwa, njooni Juni mwishoni au Julai, uwele na mtama vikiwa vimevunwa, wanaume wa kijiji wakiwa na nafasi na malambo yakiwa bado na kitu. Kama haziwezi, basi acheni zege na lipu, mfanye kazi ya kupaua, ambayo haihitaji maji. Upepo wa kiangazi huku ni mkali, kwa hiyo nunueni bati la geji 28, ambalo ni nene zaidi, badala ya 30, kenchi zifungwe vizuri kwenye kuta, mbao zipakwe dawa ya mchwa. Fundi wa kijiji ndiye awe msimamizi, na wahandisi mlio nao wafanye kazi chini yake, kwa kuwa ndiye atakayeitwa bati likilegea.

Kuhusu mahubiri, nawasihi msije kana kwamba Injili inafika na basi lenu. Wamisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ya Kanisa Anglikana imekuwapo tangu 1927. Mwulizeni katekista ni wanaume gani wameacha ibada na kwa nini, maana yeye anawajua kwa majina na kwa koo zao. Nimemwona mzee mmoja, asiyekanyaga kanisani, akija siku ya kwanza kutazama tu. Kesho yake akashika mbao, na baadaye akaketi na wageni kivulini akiwaeleza jinsi ukoo wake ulivyogombana na wazee wa kanisa juu ya shamba. Wageni wale, namshukuru Mungu kwa ajili yao, walimsikiliza hadi mwisho, wakamwachia mchungaji aendelee naye. Huduma ya namna hiyo naithamini kuliko mkutano wa hadhara wenye spika kubwa.

Mengine ni mepesi. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wapewe taarifa mapema, na kama mna daktari anayetaka kutibu watu, Mganga Mkuu wa Wilaya ajue kabla hamjaondoka Dar es Salaam. Treni ya SGR inafika Dodoma tangu 2024, hivyo linganisheni nauli yake na gharama ya kukodi basi, na mtakachookoa kiwekwe kwenye boza la maji. Mchungaji wa hapo mpigieni simu wiki hii mkimwuliza boza linatoka wapi, ni bei gani, na kama gari zito linafika hadi kanisani.