Jibu: Siku mbili Datong kwa mahekalu ya kale

Ndugu, umeuliza kama siku mbili zinatosha kuona mahekalu ya kale ya Datong, mji wa kaskazini mwa China. Kama ni majengo ya kale hasa unayotaka, zinatosha, ila usizianzie kwenye ukuta wa mji. Ule umejengwa upya juzi juzi tu.

Siku ya kwanza nenda hekalu la Kibuddha la Huayan. Kumbi zake kuu zinatazama mashariki, si kusini kama mahekalu mengi ya China, kwa kuwa Wakhitani wa nasaba ya Liao, waliotawala huku kaskazini karne ya 10 hadi ya 12, waliheshimu jua linapochomoza. Usiridhike na ukumbi mkubwa wa mwaka 1140 ukaondoka. Tafuta ule mdogo wa kuhifadhia misahafu ya Kibuddha, wa mwaka 1038: kuta zake zimezungukwa na makabati ya mbao yaliyochongwa kama nyumba ndogo za ghorofa, na kwenye ukuta wa nyuma yameunganishwa kwa kidaraja juu ya dirisha. Kati ya sanamu za udongo mle, iko moja inayotabasamu meno yakionekana, jambo adimu sana. Ndani ni giza, basi yape macho dakika chache yazoee. Mchana malizia hekalu la Shanhua, penye watu wachache.

Siku ya pili, mapango ya Yungang yenye sanamu za Buddha zilizochongwa mwambani, kilomita 16 hivi magharibi mwa mji. Fika mapema uingie pango la 5 na la 6 kwanza, maana foleni hujaa hapo. Buddha wa pango la 20, mita 13.7, yuko wazi nje. Hata jioni utamwona.

Pasipoti usiiache hotelini, tiketi hukatwa kwayo.

Mnara wa mbao wa Kibuddha wa Yingxian (wa mwaka 1056), ulio nje ya Datong, unahitaji siku ya tatu, na kuupanda hairuhusiwi.