Jibu: Je, Gints Zilbalodis alipata Oscar kwa filamu aliyoitengeneza peke yake?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama ni kweli kuna kijana wa Latvia aliyechukua Oscar kwa filamu ya katuni aliyoitengeneza peke yake kwa programu ya bure, na kama wewe usiye na chuo wala studio unaweza kuifuata njia hiyo. Habari uliyoisikia imechanganya filamu mbili, na tofauti yake ni kubwa kwa mtu anayetaka kuingia katika kazi hii, ambayo mimi ndiyo inayonilisha hapa Dar es Salaam.

Gints Zilbalodis alizaliwa mwaka 1994, katika nchi yenye watu wasiofika milioni 2. Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari alitengeneza Aqua (2012), filamu fupi ya paka anayeogopa maji, kisha zikafuata fupi nyingine. Filamu ndefu aliyoifanya peke yake ni Away ya mwaka 2019, yenye dakika 75: hadithi, wahusika, kamera, uhariri na hata muziki ni vyake, kwa kazi ya miaka 3 na nusu. Hiyo haikupata Oscar, bali ilipata tuzo katika tamasha la filamu za katuni la Annecy, Ufaransa. Tena aliitengeneza kwa Maya, programu ya kutengeneza katuni ambayo si ya bure.

Ninachomheshimu zaidi ni hesabu zake. Away ina kijana mmoja juu ya pikipiki, jitu jeusi linalomfuata polepole, na hakuna anayesema neno. Wanaoona uamuzi huo ni wa kisanaa tu hawajawahi kumfanya mhusika wa katuni azungumze. Mteja wangu akitaka mhusika wake aongee, kila penye m, b au p midomo sharti ifungwe kwa wakati wake, la sivyo mtazamaji anahisi kasoro hata asipoweza kuitaja. Na mteja akibadilisha jina la bidhaa baada ya sauti kurekodiwa, kazi ya uso mzima inaanza upya. Zilbalodis aliukwepa mzigo huo, akaigawa pia filamu katika sura 4, ili kila moja iwe kazi inayoweza kukamilika.

Flow ya mwaka 2024 ni habari nyingine. Paka anakimbia mafuriko akiwa mtumbwini na wanyama wenzake, akiwemo karani tamba, ndege wa mbuga zetu ambaye sikutarajia kumwona katika filamu ya Ulaya. Hii ndiyo iliyopata Golden Globe na, mwezi Machi 2025, Oscar ya kwanza ya Latvia, mbele ya filamu za Pixar na DreamWorks, studio kubwa za Marekani. Hapa hakuwa peke yake. Matīss Kaža aliandika naye hadithi, Rihards Zaļupe alishirikiana naye katika muziki, wahuishaji, yaani wanaowapa wahusika mwendo, walifanya kazi Ufaransa na Ubelgiji, na bajeti ilikuwa takriban euro milioni 3.5, sehemu yake ikiwa fedha za umma. Ni kidogo sana kwa vipimo vya Hollywood, lakini si fedha za mfukoni.

Kweli, ilitengenezwa kwa Blender, ile programu ya bure uliyoisikia, na picha za mwisho zilirendiwa (yaani kompyuta ilizikokotoa na kuzikamilisha) kwa EEVEE, njia ya haraka ya kurenda iliyo ndani ya Blender, kwenye kompyuta yake, bila msururu wa mashine za kukodi. Itazame vizuri ngozi ya paka: manyoya yake hayakuwekwa unywele mmoja mmoja, yamepakwa kama kwa brashi. Badala ya michoro ya awali ya matukio, alijenga mazingira kwanza, kisha akatembeza kamera humo kutafuta picha, ndiyo maana shoti zake ni ndefu na hazitulii.

Kwa hiyo, ukiniuliza uanzie wapi, chukua Blender, tunga hadithi ya dakika mbili yenye mhusika mmoja asiyesema, na utumie EEVEE. Mimi nilianza na Cycles, njia nyingine ya kurenda ya Blender iliyo ya polepole zaidi, kwa sababu picha zake zilinivutia, na umeme wa mtaani ulikuwa ukikatika kabla kazi haijaisha. Jambo la lazima ni kurenda kila fremu, yaani kila picha moja ya filamu, kama faili lake la picha la PNG, si video moja, ili umeme ukirudi uendelee pale ulipoishia.