Nikifunga naweza, nikifungua narudi kubeti: kiasi ni kazi yangu au ya Roho?

SWALI

Shikamoo Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni kijana wa miaka 29, nimeoa na tuna mtoto mmoja. Nauza vifaa vya simu. Nimeokoka tangu 2016 na ibada ya katikati ya juma sikosi, ila nina tatizo la kubeti. Mwezi wa kwanza kanisa letu lilifunga siku 21. Nilifunga zote, nikafuta programu ya kubeti kwenye simu, nikaweka nadhiri mbele za Mungu kwamba sirudi tena. Katikati ya mwezi wa pili nikarudi, na Jumamosi moja nikapoteza laki na themanini ya mtaji. Mke wangu hajui. Rafiki yangu tunayesali naye anasema ninakosea kutumia nguvu zangu, mtu aliyejaa Roho hahangaiki kujizuia, na kujibana ni kurudi chini ya sheria. Mtumishi mwingine ameniambia nina pepo la kamari, nifunge siku 40 kisha niombewe. Nimechoka. Kujitawala ni kazi yangu au ya Roho Mtakatifu? Na je, nimwambie mke wangu?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Amina, jina la Bwana libarikiwe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika si ile laki na themanini, ni zile siku 21. Mtu asiyeweza kabisa kujizuia hashindi na njaa wiki tatu. Wewe uliweza. Kwa hiyo nguvu ya kujinyima unayo. Ulichokosa ni kitu kingine, na Biblia yetu ya Kiswahili inakiita kwa neno tulilolizoea mpaka hatulisikii tena.

Kwenye Wagalatia 5:22-23 Paulo anataja tunda la Roho. Anaanza na upendo na anaishia na “kiasi”. Kwa Kigiriki ni enkrateia, yaani kuwa na mamlaka juu ya nafsi yako, kujishika hatamu mwenyewe. Ndilo neno lililomtia hofu liwali Feliki kule Kaisaria, Paulo aliposema naye habari za haki, na kuwa na kiasi, na hukumu itakayokuja (Matendo 24:25). Feliki akamwambia aende zake, akipata nafasi atamwita. Watafsiri wetu wangeweza kuandika “kujizuia” na kazi ikaisha. Wakachagua neno la sokoni, la kibaba na mizani, na mimi nadhani walitufaa kuliko walivyojua. Kiasi si kujinyima tu. Ni kila kitu kupata kipimo chake, na mfungo wenyewe umo.

Hili nilijifunza kwa aibu. Nikiwa mwanafunzi wa chuo cha Biblia nilijiwekea mfungo wa siku tatu kavu, bila chakula wala maji. Jioni ya siku ya pili mdogo wangu, aliyekuwa amekuja kunitembelea, alioga kwa ndoo ya maji niliyokuwa nimejiwekea mimi. Ndoo moja. Nilimfokea mpaka majirani wakatoka nje. Hakujibu. Alichukua ndoo, akaenda kisimani, akairudisha imejaa pomoni, akaiweka mlangoni kwangu akaondoka. Maji yalikuwa bado yanachezacheza. Nilisimama pale na mdomo mkavu, nikatambua kwamba ugali nilikuwa nimeushinda, lakini ulimi wangu ulikuwa umenishinda mimi. Wazee wa jangwa la Misri walilijua jambo hili mapema. Yohane Kasiano, aliyekaa na wamonaki wa huko mwishoni mwa karne ya 4, ameandika kwamba walimwonya hivi: kufunga kupita kiasi na ulafi, mwisho wake ni mmoja.

Sasa nije kwa rafiki yako. Ana hoja, na nusu yake ni kweli. Kiasi ni tunda la Roho, na tunda halitengenezwi kwa nyundo. Lakini Paulo huyo huyo aliyeandika Wagalatia ndiye aliyewaambia Wakorintho, “nautesa mwili wangu na kuutumikisha, isiwe, nikiisha kuwahubiri wengine, mwenyewe niwe mtu wa kukataliwa” (1 Wakorintho 9:27). Kitenzi alichotumia hapo kwa “nautesa” asili yake ni kumpiga mtu chini ya jicho, ngumi ya bondia kabisa. Je, Paulo hakuwa amejaa Roho? Kwa Wafilipi anasema watimize wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka, na kabla hawajavuta pumzi anaongeza, “kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu” (2:12-13). Hagawi kazi kwamba huku Mungu nusu na huku wewe nusu. Anasema fanya, kwa sababu Mungu anafanya ndani yako. Mkulima wa mahindi haoteshi mbegu hata moja, na bado akiacha kupalilia atavuna magugu.

Msomee rafiki yako na Tito 2:11-12. Neema ya Mungu iwaokoayo wanadamu “yatufundisha” kukataa ubaya na tamaa za kidunia, tupate kuishi kwa kiasi. Neno hilo “yatufundisha” kwa Kigiriki ni la malezi, la mzazi anayemfundisha mtoto na kumrudi. Watu wengi siku hizi wanaihubiri neema kama bibi anayempa mjukuu pipi nyuma ya mlango ili mama yake asione. Kwa Paulo, neema ndiyo mlezi mwenyewe.

Ila na wewe nina neno nawe, kwa upole. Ukisoma barua yako vizuri, zile siku 21 ulizifanya kama malipo. Ulifunga, ukafuta, ukaweka nadhiri, ukahesabu kwamba deni limekwisha. Yule Farisayo wa Luka 18 naye alikuwa na hesabu zake safi, “nafunga mara mbili kwa juma”, na akarudi nyumbani mikono mitupu. Wakolosai wanaambiwa wazi kwamba kuutawala mwili kwa ukali kunaonekana kama hekima, lakini hakufai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili (2:23). Nguvu ya mfungo haiko kwenye idadi ya siku. Ndiyo maana hizo 40 ulizoagizwa sikushauri hata kidogo. Kama 21 hazikugusa mzizi, kuziongeza karibu maradufu kutagusa mwili wako tu, na pengine kukupa jambo la kujivunia.

Nirudi Korintho kidogo, maana hapo ndipo penye jibu lako. Paulo alikaa mji ule mwaka mmoja na miezi sita (Matendo 18:11), na karibu nao, pale Isthmia, kulikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili. Mshindi alivikwa taji la majani. Ndiyo ile “taji iharibikayo” ya 1 Wakorintho 9:25, na wasomaji wa Paulo hawakuhitaji kuelezwa, walikuwa wameiona ikinyauka. Kwenye michezo mingine, ya Olimpia, kulikuwa na kiapo ambacho napenda sana kukitaja. Pausania, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2, anasema wanariadha waliapa kwamba wamefuata mazoezi kikamilifu kwa miezi 10 mfululizo. Tazama kiapo kilikaa wapi. Kilikuja baada ya mazoezi. Hawakuapa kwamba watashinda, wala kwamba hawataanguka. Waliapa kwamba wamejizoeza. Wewe na mimi tunaanza na kiapo kikubwa usiku wa mkesha, machozi yanatutoka, halafu asubuhi hakuna zoezi lolote tulilopanga.

Niliwahi kupita Iten, kule Kenya, mji wa wakimbiaji. Alfajiri nilisimama kando ya barabara nikiwangoja wapite kama risasi. Walipita polepole mno, wanaburuza miguu kwenye vumbi jekundu huku wakizungumza, hata nikadhani hao ni wanaoanza. Mwenyeji wangu akacheka, akaniambia mwendo unapandishwa kidogo kidogo. Paulo alimwambia Timotheo “ujizoeze kupata utauwa” (1 Timotheo 4:7), na neno alilotumia ni la uwanja wa mazoezi. Mazoezi ni kitu kidogo kinachorudiwa hata siku usiyojisikia. Danieli alipopiga magoti mara tatu kwa siku huku amri ya mfalme imekwisha kutiwa sahihi, Biblia inasema alifanya kama alivyokuwa akifanya tokea hapo (6:10). Ujasiri wa siku ile ulikuwa umejengwa siku ambazo hakuna simba aliyetajwa.

Kuhusu pepo. Siwezi kusema hayapo, Injili zimejaa habari zake. Lakini Wagalatia 5 inayaita mengi ya mambo haya “matendo ya mwili”, na mwili haukemewi ukatoka, unasulubishwa (mstari wa 24). Na hata tukikubali neno la huyo mtumishi, soma alichosema Bwana katika Mathayo 12:43-45. Pepo mchafu alitoka, akarudi, akaikuta nyumba “tupu, imefagiwa na kupambwa”, akaenda kuchukua wengine saba. Nyumba haikukosa usafi, ilikosa mtu wa kukaa ndani. Wewe ulifuta programu ukafagia. Jumamosi saa tisa alasiri, ulipokuwa unaweka mikeka ya kubeti, uliweka nini badala yake? Paulo hamwambii mwibaji aache kuiba tu, anamwambia afanye kazi kwa mikono yake, apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji (Waefeso 4:28). Mkono uliokuwa unachukua unapewa kazi ya kutoa.

Kwa hiyo fanya hivi. Mauzo ya Ijumaa na Jumamosi yasilale kwenye simu yako. Warumi 13:14 inasema “wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake”, na maana yake ni kutouwekea mwili akiba, kutouandalia mapema. Pesa iliyomo kwenye simu saa mechi zinapoanza ndiyo hayo maandalizi. (Mstari huo ndio uliomgeuza Agostino, mwalimu mkuu wa Kanisa la kale, pale Milano mwaka 386. Ujanani mwake alikuwa ameomba apewe usafi na kiasi, lakini si sasa hivi. Ukiona sala yako inafanana na yake, hujawa wa kwanza.) Kibanda umiza, kule wanakoonyesha mpira, usiende Jumamosi kwa miezi kadhaa. Mpira si dhambi, ila pale kila mwenye simu anazungumzia mkeka, na wewe bado mchanga. Ijumaa acha mlo mmoja tu, na hela ya mlo huo mpe mtu mwenye njaa siku hiyo hiyo, kama Isaya 58 inavyoagiza. Asubuhi soma zaburi moja kabla hujafungua simu. Moja. Ukiona ni kidogo mno, hapo hapo ndipo pa kuanzia.

Na usipigane peke yako. Wazee wetu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea hadi Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930, walikuwa na desturi ya “kutembea nuruni”: walikutana, mtu akaitaja dhambi yake kwa jina mbele ya ndugu, wakaomba, wakaimba. Mengine ya wakati ule yalizidi mpaka, sitaficha, maana kuna maungamo yaliyoleta fujo kuliko uponyaji. Lakini walielewa kwamba tamaa hustawi gizani. Tafuta ndugu mmoja mwaminifu, mzee wa kanisa ukimpata, akuulize kila Jumapili kwa swali la wazi: umebeti wiki hii? Na ukiona hata hivyo mkono unakwenda wenyewe, huli, hulali, unakopa, nenda kamwone daktari au mshauri anayeshughulika na uraibu. Hilo nalo ni msaada wa Mungu.

Utaanguka tena? Inawezekana. Mwenye haki huanguka mara saba akaondoka tena (Mithali 24:16). Ukianguka, usianze mfungo wa adhabu na wala usiongeze nadhiri juu ya nadhiri. Mrudie Bwana siku hiyo hiyo, umpigie ndugu yako simu, na kesho yake usome ile zaburi yako.

Mke wako mwambie. Mwambie kabla ya Jumamosi hii, kwa sababu ukipita hapo utapata sababu ya kungoja nyingine. Usimwambie usiku wa manane akiwa na usingizi, wala mbele ya mtoto, wala kwa ujumbe wa simu. Usianze na habari za pepo wala za rafiki yako. Ataumia, labda atanyamaza siku mbili tatu. Mwache anyamaze, usimdai msamaha kama mtu anayedai chenji. Halafu mkabidhi hayo mauzo ya Ijumaa na Jumamosi ayashike yeye. Na akikuuliza ni shilingi ngapi, mtajie kiasi chote.